Nuru Kabla ya Mianga: Uteuzi wa Maneno katika Masimulizi ya Uumbaji na Usomaji Wake Songea

Ikisiri

Sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo inaiweka nuru katika siku ya kwanza, na jua, mwezi na nyota katika siku ya nne. Makala haya yanachunguza jinsi tafsiri mbili za Kiswahili, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 na Biblia Habari Njema iliyokamilika katika miaka ya 1990, zinavyoushughulikia utengano huo kwa maneno "nuru" na "mwanga". Hoja inayojengwa ni kwamba maneno hayo mawili si visawe katika sura hii. Tofauti yao ya ngeli, asili na ujirani wa maana huamua iwapo msomaji ataiona nuru kuwa kitu kilichotangulia kila chombo kinachoibeba. Usomaji unahusishwa na Songea, mahali ambapo sitiari ya kubeba nuru ina historia nzito.

1.0 Utangulizi

Katika masimulizi ya uumbaji, siku tatu za kwanza zinapita bila jua. Kuna jioni, kuna asubuhi, kuna mchana wenye jina lake. Nchi kavu inaonekana na mimea inachipua, ilhali jua bado halijafanywa. Jambo hili liliwashughulisha wafafanuzi tangu karne za mwanzo za Ukristo. Basili wa Kaisaria, katika mahubiri yake ya karne ya 4 kuhusu siku sita za uumbaji, alieleza kwamba jua liliandaliwa liwe chombo cha kuichukua nuru iliyokuwapo tayari, kama vile moto ulivyo kitu kimoja na taa kitu kingine. Augustino alielekea upande mwingine: aliihusisha nuru ya kwanza na viumbe vya kiroho vinavyopata mwanga kwa kumgeukia Muumba. Wote wawili walikubaliana kwamba mpangilio wa siku si ajali ya usimulizi.

Kwa Kiswahili, suala hili lina umri sawa na tafsiri ya Biblia yenyewe. Johann Ludwig Krapf alipoanza kazi ya kutafsiri mjini Mombasa mwaka 1844, alianza na Mwanzo, na sura tatu za kwanza za kitabu hicho zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Nuru ikawa miongoni mwa dhana za kwanza kabisa za Biblia kutafutiwa neno la Kiswahili. Hata hivyo, mijadala juu ya msamiati wa Biblia ya Kiswahili imekuwa ikielemea zaidi majina ya Mungu, istilahi za wokovu na uwiano wa maneno ya Kiarabu na ya Kibantu. Neno la nuru hutajwa mara nyingi kama mfano wa uwiano huo tu, kana kwamba kuchagua "nuru" au "mwanga" ni kuchagua rangi ya nguo. Makala haya yanaonyesha kwamba uchaguzi huo unabadilisha kinachosimuliwa.

2.0 Neno la Kiebrania na umbo lake

Matini ya Kiebrania inatumia maneno mawili yenye mzizi mmoja. Siku ya kwanza kinachoitwa kiwepo ni "or". Siku ya nne vinavyofanywa ni "meorot", wingi wa "maor". Kiambishi cha mwanzo katika "maor" ni kile ambacho katika Kiebrania huunda nomino za mahali au za ala. Kwa hiyo "maor" ni mahali pa nuru au kifaa cha nuru. Neno hilohilo linatumika katika Kitabu cha Kutoka kwa taa ya hema takatifu na mafuta yake. Mwandishi wa Mwanzo 1 anauita mfumo mzima wa anga kwa jina la kifaa cha nyumbani mwa Mungu.

Kunyimwa majina ni sehemu ya maana hiyo. Maneno ya kawaida ya Kiebrania ya jua na mwezi hayatokei katika simulizi la siku ya nne. Kinatajwa kifaa kikubwa na kifaa kidogo. Nyota zinaongezwa kwa maneno machache mwishoni. Kwa majirani wa Israeli, jua na mwezi vilikuwa miungu yenye majina na mahekalu. Wafafanuzi wengi wameliona tendo hili la kutotaja majina kuwa kauli ya kiteolojia: vilivyoabudiwa vimegeuzwa kuwa vyombo vyenye kazi ya kutenga, kutawala zamu na kuhesabu majira.

Ieleweke kwamba mpaka kati ya maneno haya si wa chuma katika Kiebrania kizima. Zaburi ya 136, inapokumbuka uumbaji wa jua na mwezi, inatumia wingi wa "or" wenyewe. Ushahidi huo hauidhoofishi hoja, unaithibitisha. Lugha ilimruhusu mwandishi wa Mwanzo 1 kutumia neno moja kotekote, naye akatumia mawili. Kigiriki cha Septuaginta na Kilatini cha Vulgata vilihifadhi jozi hiyo kwa maneno mawili yenye mzizi mmoja. Swali ni Kiswahili kimefanyaje.

3.0 Biblia ya Muungano: nuru na mianga

Biblia ya Muungano inatumia "nuru" katika siku ya kwanza na "mianga" katika siku ya nne. Kwa kipimo cha mzizi, tafsiri hii imepoteza kitu: neno la kwanza limetoka Kiarabu, la pili ni la Kibantu, na hakuna sauti inayomwambia msikilizaji kwamba vitu hivi viwili ni jamaa. Kwa kipimo cha utengano, imepata kitu ambacho hata baadhi ya lugha za Ulaya hazina. Faida hiyo inaonekana katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya ngeli. "Nuru" haibadiliki umbo katika wingi, na katika matumizi ya kawaida haihesabiki. "Mwanga" una wingi ulio wazi, "mianga", na wingi huo unakubali idadi. Hivyo msomaji wa Biblia ya Muungano anakutana kwanza na kitu kisichohesabika, kisha na vitu viwili vikubwa vinavyohesabika. Sarufi yenyewe inamwambia kwamba ametoka kwenye asili na kuingia kwenye vyombo. Wala wafasiri hawakulazimika kuongeza neno la ufafanuzi.

Ngazi ya pili ni ya ujirani wa maneno. Siku ya pili inafanywa "anga". Siku ya nne inawekwa "mianga" katika "anga". Maneno haya mawili, pamoja na "angaza", "angavu" na "mwangaza", huonekana kwa mzungumzaji kuwa ya ukoo mmoja, na katika aya ya 14 yanagusana masikioni. Mianga inasikika kama wana wa anga, viumbe vinavyofaa mahali vilipowekwa. "Nuru" inabaki nje ya ukoo huo. Ilikuwapo kabla anga halijawa, na jina lake halina deni kwa anga.

Ngazi ya tatu ni ya kitenzi. Katika aya za 15 na 17, Kiebrania kina kitenzi kimoja chenye maana ya kuangaza. Biblia ya Muungano inakifasiri kwa kauli ya "kutia nuru". Kitenzi "tia" katika Kiswahili huhitaji kitu kinachotoka mahali fulani na kuingizwa mahali pengine: hutiwa maji mtungini, hutiwa chumvi mchuzini. Mianga inayotia nuru juu ya nchi inapitisha kitu ambacho haikukianzisha. Maelezo ya Basili kuhusu moto na taa yamepata hapa umbo la kisarufi, iwe wafasiri walilikusudia au la.

Neno "nuru" lina pia historia ya pwani. Katika Uislamu ni jina la sura ya 24 ya Kurani, na aya ya 35 ya sura hiyo inaieleza nuru ya Mungu kwa mfano wa taa iliyo ndani ya kioo, iliyowekwa katika shubaka. Maulidi ya Barzanji, ambayo imesomwa na kutafsiriwa katika Waswahili, inaisimulia nuru ya Mtume ikipita kizazi hata kizazi kabla ya kuzaliwa kwake. Matumizi ya kila siku nayo yanazungumzia nuru ya macho na uso wenye nuru. Katika matumizi yote haya, nuru ni kitu kinachokaa ndani ya kitu kingine na kukizidi. Msomaji wa pwani, Mwislamu au Mkristo, anapofika Mwanzo 1 tayari ana lugha ya kutenga nuru na taa yake. Hata "mnara", neno lililotoka Kiarabu kwa mzizi uleule wa "nuru", kiasili ni mahali pa nuru. Kiswahili kimebeba bila kujitambua jozi inayolingana na ile ya Kiebrania, ingawa kwa mzungumzaji wa leo mnara ni jengo refu tu.

4.0 Biblia Habari Njema: mwanga na mianga

Biblia Habari Njema ilikusudia lugha nyepesi kwa msomaji wa kawaida. Katika sura hii inatumia "mwanga" kwa siku ya kwanza na "mianga" kwa siku ya nne. Mwelekeo wa kupendelea neno la Kibantu haukuwa mpya. Karl Roehl, katika Biblia aliyoikamilisha mwaka 1937, alikuwa amejiwekea lengo la kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo sababu zinatofautiana: Roehl alitafuta usafi wa lugha, Habari Njema inatafuta wepesi wa kueleweka.

Wepesi huo una thamani. "Mwanga" ndilo neno la kibatari, la tochi, la dirisha linalofunguliwa asubuhi. Linairudisha aya ya tatu kwenye ulimwengu unaoonekana kwa macho, na hivyo kuziba mlango wa usomaji wa fumbo ambao "nuru" inaweza kuufungua. Kwa msomaji aliyeisikia "nuru" kanisani tu, kuna hatari ya kudhani kwamba siku ya kwanza iliumbwa neema au hekima, na kwamba mchana uliofuata ni sitiari. Aidha, "mwanga" na "mianga" vinaurudisha uhusiano wa mzizi ambao Biblia ya Muungano iliupoteza.

Gharama yake inaonekana pale umoja na wingi vinapobaki kuwa tofauti pekee. Ikiwa siku ya kwanza ulikuwapo mwanga, na siku ya nne ikawapo mianga, msomaji ana haki ya kuelewa kwamba kilichoongezeka ni idadi. Hakuna umbo linalomwambia kwamba kimoja ni kitu na kingine ni chombo cha kitu hicho. Zaidi ya hayo, mwanga wa siku ya kwanza unapewa jina lenye sauti ya anga siku moja kabla ya anga kuwapo. Mpangilio wa siku, ambao ndio uti wa mgongo wa simulizi, unafifia.

Lipo pia suala la homonimu. "Mwanga", wingi wake "wanga", ni mchawi anayewanga usiku. Upatanisho wa kisarufi unazuia utata katika sentensi, kwa kuwa mtu na kitu havichukui viambishi sawa. Hata hivyo ni jambo la kutafakari kwamba neno lililoteuliwa kuwa kinyume cha giza lina pacha wa sauti anayefanya kazi yake gizani. Biblia ya Muungano inakutana na pacha huyo siku ya nne tu, katika wingi, na "mianga" haiwezi kuchanganywa na "wanga".

Je, ingewezekana kupata jozi ya Kibantu yenye mzizi mmoja na tofauti ya chombo? Njia iliyo wazi ni kuunda nomino ya ala kwa kiambishi ki-. Lakini "kiangazi" tayari ni jina la majira ya ukavu. Mzizi wa "mulika", wenye jamaa katika lugha nyingi za Kibantu, kama "urumuri" ya Kinyarwanda, umetupa "kimulimuli", na huyo ni mdudu. Linabaki neno "taa". Lingepatana vizuri na matumizi ya "maor" katika Kitabu cha Kutoka, na lingemfikishia msomaji mshtuko wa kuliona jua likiitwa kifaa cha nyumbani. Mshtuko huo una kazi hata Afrika Mashariki. Miongoni mwa Wachaga, kwa mfano, jina la Mungu, Ruwa, ni jina la jua pia. Matini inayokataa kulitaja jua kwa jina, na kulihesabu miongoni mwa vyombo, inazungumza na historia hiyo moja kwa moja.

5.0 Songea: nuru, mwenge na mbebaji

Songea ni mahali pafaapo kupimia tofauti hii kwa sababu Kiswahili kilifika huko kwa njia zaidi ya moja. Njia ya misafara kutoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa ilipita katika nchi ya Wangoni, ikibeba biashara, Uislamu na msamiati wa pwani. Baadaye Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, chini ya utawala wa Wajerumani, na Peramiho ikawa abasia yenye shule, hospitali na kiwanda cha uchapaji. Neno "nuru" kwa hiyo si geni la kanisani tu mahali hapo, wala "mwanga" si mali ya upande mmoja.

Gazeti la Kikatoliki lililochapishwa Peramiho lilipewa jina la Mwenge. Jina hilo linastahili kusomwa kwa makini ya kifasihi. Mwenge ni nuru yenye mpini. Hauwezi kuwapo bila mkono unaoushika, na mkono huo huamua nani aangaziwe kwanza na njia ipi ifuatwe. Sitiari hiyo haikuwa ya wamisionari peke yao. Mwaka 1959 Julius Nyerere alizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro, na uhuru ulipofika Desemba 1961, Mwenge wa Uhuru ulipandishwa kileleni. Hadi leo mwenge huo hukimbizwa mikoani, Ruvuma ikiwamo. Katika matumizi yote mawili, nuru inafika kwa kuletwa.

Sitiari ya kuleta nuru ina upande wa pili: inamhitaji mtu anayeitwa wa gizani. Lugha ya kimisionari na ya kikoloni ya karne ya 19 iliigawa dunia kwa namna hiyo, na mara nyingi iliegemea maneno ya Biblia. Songea inaijua bei ya mgawanyo huo. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini na watawala wa Kijerumani, na nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye aliuawa katika siku hizo. Haiwezekani kuisoma jozi ya nuru na giza mahali hapo kana kwamba ni pambo la lugha.

Hapa ndipo uteuzi wa maneno unapokuwa na uzito. Mwanzo 1, ikisomwa kwa makini, haiungi mkono mgawanyo huo. Nuru inaitwa njema; giza haliitwi baya. Giza linatengwa, linapewa jina la Usiku, na linaingia katika hesabu ya siku kama nusu yake halali. Tena linatangulia: jioni inatajwa kabla ya asubuhi. Msomaji wa Kiswahili, ambaye katika hesabu yake ya asili usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa, haoni ajabu katika mpangilio huo; hata neno "siku" linasikika ndani ya "usiku". Muhimu zaidi, nuru ya siku ya kwanza haina mbebaji. Hakuna jua linaloimiliki, hakuna mkono, hakuna taifa, kwa kuwa mwanadamu mwenyewe hatatokea hadi siku ya sita. Vyombo vinapofanywa, vinapewa zamu ya kazi, na vinatajwa bila heshima ya jina.

Biblia ya Muungano inamwezesha msomaji wa Songea kuisikia kauli hiyo bila msaada wa mwalimu wa Kiebrania: nuru kwanza, mianga baadaye. Anayejiita mwenge anaweza kupewa nafasi miongoni mwa mianga. Hawezi kudai kuwa ndiye nuru. Katika Habari Njema, ambamo mwanga unafuatwa na mianga, dai hilo halipati kizuizi cha wazi katika maneno yenyewe. Tofauti ya tafsiri imekuwa tofauti ya nafasi anayopewa mleta habari mbele ya anayeipokea.

Liturujia inatoa uthibitisho wa aina yake. Katika Kesha la Pasaka la Wakatoliki, ibada huanza gizani. Moto hubarikiwa, mshumaa mkubwa huwashwa kutokana nao, kisha waamini huwashiana mishumaa yao kabla ya masomo. Somo la kwanza ni simulizi hili la uumbaji. Msikilizaji ameshika chombo mkononi, na ameona kwamba alichopokea hakikupungua kwa aliyempa. Kwa mkao huo, jozi ya "nuru" na "mianga" ina maelezo mbele ya macho yake.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba "nuru" na "mwanga" katika Mwanzo 1 haviwezi kubadilishana bila kubadilisha simulizi. Biblia ya Muungano imepoteza mzizi wa pamoja wa Kiebrania ikahifadhi utengano wa kitu na chombo chake, kwa msaada wa ngeli, wa ujirani wa "mianga" na "anga", na wa kauli ya "kutia nuru". Biblia Habari Njema imehifadhi mzizi na uhalisi wa mwanga unaoonekana, lakini imeuacha utengano huo utegemee wingi peke yake. Hofu kwamba "nuru" itaifanya siku ya kwanza kuwa fumbo ina msingi, ila aya ya tano inaitibu kwa kuiita nuru hiyo Mchana.

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na matokeo haya. Kwanza, marekebisho yajayo ya tafsiri za Kiswahili yatafaidika kwa kudumisha maneno mawili katika sura hii, na pale ambapo "mwanga" umechaguliwa kwa siku ya kwanza, neno "taa" lipimwe kwa siku ya nne. Pili, uhakiki wa tafsiri za Biblia usiishie kwenye asili ya neno, la Kiarabu au la Kibantu. Ngeli ya neno, majirani zake katika matini, na historia ya mahali linaposomwa ni ushahidi wenye uzito uleule. Songea imetoa mfano mmoja. Kilwa, Moshi na Mombasa, zenye njia tofauti za kupokea Kiswahili na dini, zinaweza kutoa mifano inayoupinga au kuukamilisha.